Daftari Lako Liko Wapi?

Jana ng'ombe wako alitoa lita ngapi?

Usiniambie "kama nane hivi." Nimeuliza: ngapi?

Na juzi? Na siku ile uliyopunguza pumba, zilishuka hadi ngapi? Hujui. Ng'ombe wako anajua. Wewe hujui!

Amka.

Tanzania inakamua zaidi ya lita bilioni 3.5 za maziwa kwa mwaka. Katika kila lita 100, zinazoingia kiwandani hazifiki 5. Viwanda vipo, mitambo imesimikwa, lakini mingi inafanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa maziwa. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni mtu anywe lita 200 kwa mwaka; kwa wastani Mtanzania hafikishi hata 70. Unazisikia takwimu hizi redioni ukidhani ni za serikali.

Ni zako. Zinaanzia kwenye ndoo yako.

"Lakini mimi nina ng'ombe wawili tu."

Wawili tu? Mwaka 1946, wafugaji wa Kaira, nchini India, walianza ushirika wao kwa vijiji viwili na lita zisizofika 250 kwa siku. Wengi walikuwa na mifugo ya kuhesabu kwa vidole. Asubuhi walipeleka maziwa, jioni walipeleka maziwa, yakapimwa, yakaandikwa. Ushirika huo ndio uliozaa Amul, chapa maarufu ya maziwa. Na mwaka 1998 India iliipita Marekani, ikaongoza dunia kwa uzalishaji wa maziwa.

Ndoo kwa ndoo. Mstari kwa mstari.

Wewe unasubiri nini?

Piga hesabu nami. Ng'ombe asiposhika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Anapandwa na wenzake na anatulia; ute unaning'inia. Dalili hizo hazidumu hata siku nzima. Wewe hukuandika tarehe, hukuamka kumtazama, hukumpigia simu mtaalamu wa uhimilishaji. Siku 21 zimekwenda, na uzao unaofuata umesogea mbele. Kwa ng'ombe wa lita 10, hizo ni lita 210.

Usiku mmoja wa kulala, na umepoteza maziwa ya kumtosha mtu mwaka mzima.

Mwaka mzima!

Nenda alfajiri kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mtazame mpimaji akichanganya maziwa kidogo na alkoholi. Yakifanya mabonge, unarudi nayo nyumbani, watu wakikutazama. Nani wa kulaumiwa? Ni lile dumu la plastiki lisilosafishika, na ni wewe uliyelijaza. Nunua keni. Osha. Funika. Poza. Wahi!

Ukame upo. Bei inaumiza. Barabara ni mbovu. Sawa. Je, ukame ndio uliokunyima kalamu? Barabara ndiyo iliyokuzuia kuosha kiwele?

Huna ng'ombe mbaya. Una ng'ombe asiyejulikana. Mjue, na utajua cha kumpa, lini umpandishe, yupi umbakize, yupi umuuze.

Leo jioni, kabla hujainuka kwenye kigoda, andika: tarehe, jina la ng'ombe, lita. Daftari la mtoto wa shule linatosha. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa vilevile. Ya jana yamekwenda.

Ya leo jioni bado yamo kwenye kiwele.

Chukua kalamu!