Matanga ya Chama

Kila Alhamisi baada ya Isha, ami yangu hukaa barazani Kibokoni na wenzake wanne, kahawa chungu mkononi. Huanza na bei ya samaki. Kabla ya kikombe cha pili washafika 1992.

Mwaka huo, vyama vingi vikiwa vimeruhusiwa miezi michache tu nyuma, watu wa Mombasa walianzisha Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ya Moi ikakataa kuisajili, ikisema ni chama cha dini. Mwezi wa Mei wahubiri walikamatwa, mji ukalipuka. Sheikh Khalid Balala, msemaji wao aliyevuma kuliko wote, baadaye alikwenda Ujerumani, akanyimwa pasipoti mpya, asirudi mpaka 1997.

Wakilisimulia hayo, nyuso zao hung'aa. Siku moja nikamuuliza: ami, si mlipigwa? Wayatamanije?

"Mwanangu, virungu nishavisahau," akasema. "Nisilolisahau ni kuwa sikuzo nilikuwa siogopi."

Jawabu hilo lilinisumbua. Je, ni haki kuzitamani siku zilizowaliza watu?

Kwetu msiba una kipimo. Matanga siku tatu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Kisha tanga huanuliwa, mtu akarudi sokoni. Lakini chama ambacho hakikusajiliwa hakiwezi hata kufutwa. Hakuna barua, hakuna tarehe, hakuna siku ambayo mtu alisema: leo kimekufa, tukizikeni. Kwa hivyo wazee hawa wamekalia tanga miaka zaidi ya thelathini, na sisi twadhani wapiga porojo. Siwezi kuwalaumu. Mtu aliyenyimwa maiti atazika nini?

Basi nikawa mtetezi wao, mpaka usiku mmoja nyanya, mamake ami, alipozungumza kutoka dirishani.

"Na aliyechoma makaratasi yenu jikoni usiku kucha, mbona hamumtaji?"

Baraza lote kimya. Miaka yote hiyo hadithi ilikuwa na mikutano, mbio na mabomu ya machozi. Nyanya hakuwamo. Wala mwenye duka lililovunjwa, ambaye hakuwa upande wowote.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Anayeomboleza huuliza: nani hayupo? Anayetamani ya kale huuliza: mimi nilikuwa nani? Maswali haya hukaa baraza moja, hunywa kahawa moja, na ni rahisi la pili kuvaa kanzu ya la kwanza.

Ningeliishia hapo ningekuwa nimewahukumu wazee, nikalala vyema. Lakini Juni 2024 mimi pia nilikuwa barabarani, hapa Mombasa, tukipinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 watu waliuawa Nairobi. Siku ya pili yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Sasa tukikutana, mimi na wenzangu, twaanza: wakumbuka ile siku? Twacheka. Twaonyeshana video. Nyuso zetu nazo hung'aa.

Kuna mwenzetu mmoja aliyekamatwa wiki hiyo. Aliachiliwa, lakini tangu hapo hatoki nyumbani. Kwenye hadithi zetu hayumo, kwa sababu ukimtia, kicheko chakatika.

Sidhani kutamani ni dhambi. Mtu aliyewahi kutoogopa, hata kwa wiki moja, ana haki ya kuikumbuka wiki hiyo. Deni ni kwamba kumbukumbu hiyo isimle mtu mwingine. Ami alilipa lake kidogo: Alhamisi iliyofuata, kabla ya kusimulia, alimpelekea nyanya kikombe cha kwanza dirishani. Hakusema kitu. Nyanya naye hakusema kitu, ila alikipokea.

Mimi nilikwenda kwa mwenzetu Ijumaa. Mamake akafungua mlango, akaniangalia kwa muda.

"Mmechelewa," akasema. Kisha akanipisha, nikaingia.