Masharti ya Mwenye Nyumba na Stara ya Mpangaji



Ijara ni kuuza manfaa ya nyumba kwa muda maalumu na malipo maalumu. Nyumba yenyewe hubaki milki ya mwenyewe. Ana haki, basi, ya kushurutisha idadi ya wakaazi, au kwamba mpangaji asipangishe chumba kwa mtu mwengine. Lakini mahali pa sharti ni ndani ya akdi. Akishapokea kodi ya mwaka, kisha mwezi wa tatu akabandika karatasi mlangoni kwamba wageni wasilale, karatasi hiyo haimlazimu mpangaji mpaka aridhie.

Zito zaidi ni suala la ufunguo. Wako wanaoingia nyumba walizozipangisha wapendapo, wakidai ni mali yao. Aya ya 27 ya Suratun Nur inawakataza Waumini kuingia nyumba zisizo zao bila ya idhini na salamu, na wanavyuoni wamebainisha kwamba nyumba hapo hunasibishwa na anayeikaa, si anayeimiliki. Mpangishaji, kwa hivyo, ni mgeni katika mlango wa milki yake, kwani ndani mna harimu za watu na stara yao. Sheria ya England ya mwaka 1985, katika mikataba iliyo chini ya miaka 7, inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla ya kwenda kukagua hali ya jengo. Muislamu aishiye huko hapaswi kungoja kufundishwa adabu hiyo na bunge!

Mpangaji naye, mkono wake ni mkono wa amana. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida halipi, na kukikata katika fedha za dhamana ni kula mali ya mtu kwa batili. Alichokiharibu kwa uzembe atakilipa. Akikubali sharti kisha akalivunja kwa siri, amevunja ahadi, hata kama mwenye nyumba si Muislamu. Amri ya kutimiza mikataba mwanzoni mwa Suratul Maida haikubagua dini ya upande wa pili.

Sharti likivunjwa, mwenye nyumba hukumbusha kwa maandishi, kisha hutafuta msuluhishi, kisha hakimu. Hana ruhusa ya kukata maji, kubadilisha kufuli wala kutoa vyombo nje. Na kodi ikichelewa kwa dhiki ya kweli, mpangaji apewe muhula, na muhula huo uandikwe na kushuhudiwa.