Safari ya Baridi: Ya Mtoto au Yenu?

Ninyi wazazi mnaoishi Marekani huenda mmefikiria kuwapeleka watoto wadogo Alaska kwa meli ya watalii. Meli nyingi hung'oa nanga Seattle au Vancouver, na safari huchukua siku 7 hivi. Hata mwezi wa Julai, upepo wa Glacier Bay hupenya sweta.

Mtoto wa miaka 2 hatakumbuka lolote. Je, ni kosa kutumia fedha zote hizo? Sidhani. Hata nyimbo mnazombembelezea atazisahau, na hakuna awakatazaye kumwimbia. Kosa ni kusema "tunakwenda kwa ajili ya mtoto", kumbe anayetamani kuona barafu ni baba. Mtoto akilia kwa baridi, anaambiwa hana shukrani! Deni hilo alilikopa lini?

Tena, meli hukaa mbele ya ukuta wa barafu kwa muda mfupi tu, pengine mtoto akiwa usingizini. Nani atabaki naye chumbani? Mara nyingi ni mama, bila hata kuulizwa. Bwana, zungumza na mkeo kabla ya kulipa nauli: nusu saa yako, nusu saa yake. Jibu likiwa "tutaona huko huko", afadhali mngoje mtoto akue.

Wapo watakaosema barafu inakwisha. Ni kweli, katika ghuba hiyo imerudi nyuma zaidi ya kilomita 90 tangu miaka ya 1790. Lakini miaka 4 ya kungoja haitaimaliza.