Bei Isiyotajwa Nyumbani



Wiki hii nimeulizwa swali ambalo chuo cha theolojia hakikunifundisha kulijibu. Mpiga picha mmoja wa usharika wetu, ambaye harusi nyingi za hapa kwetu zimepita mikononi mwake, alikuja ofisini baada ya ibada, akafunga mlango, akatoa simu na kunionyesha picha ya kamera. "Mchungaji, ninunue, nisinunue?"

Kamera yenyewe ni Leica M9, iliyotumika. Anayeiuza ni mgeni aliyemaliza mkataba wake hapa Dar es Salaam, na sasa anauza vitu kabla ya kurudi Ulaya: friji, viti vya barazani, na hii. Nikamwomba anieleze ina nini cha ajabu, maana kwangu kamera zote ni nyeusi tu. Alinieleza kwa muda mrefu na nilifurahi kumsikiliza. Mtu akizungumzia kitu anachokipenda, uso wake hufunguka kwa namna ambayo kwenye vikao vya kamati huioni.

Kamera zake za kazini, alisema, unatazama kile ambacho lenzi inakiona. Hii sivyo. Ina kidirisha chake pembeni, na katikati ya kidirisha kuna kijiraba chenye mwanga ambamo kitu unachokitazama kinaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi kwa vidole, polepole, mpaka zile taswira mbili zilaliane na kuwa moja. Hapo picha itatoka kali. Hakuna mashine ya kukufanyia. Aina hiyo wenyewe wanaiita rangefainda. M9 ilitoka tarehe 9 Septemba 2009, na ndiyo rangefainda ya kwanza ya kidijitali kuwa na kihisi chenye ukubwa kamili wa filamu ya milimita 35. Ilipokuwa mpya iliuzwa karibu dola 7,000 za Marekani, bila lenzi. Leo mtu anaipata kwa sehemu tu ya fedha hizo. Ndipo mtego ulipo: unaanza kuhesabu unachookoa, na unasahau kuhesabu unachotoa.

"Itakusaidia kazini?" nikamuuliza.

Alikuwa mkweli. Hapana. Haipigi video, na wateja wa siku hizi wanataka video. Kwenye mwanga hafifu inahangaika. "Bibi harusi anaingia ukumbini, taa zimezimwa, MC anapiga kelele, vigelegele kila kona, halafu mimi nimesimama nazungusha lenzi?" Tukacheka wote wawili. Kwa hiyo si ya kazi. Ni ya moyo.

Huenda ulitarajia kwamba hapo ningemkemea. Sikumkemea, na nisingependa nawe ujikemee haraka unapotamani kitu kizuri. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho ili afanye kazi za dhahabu, fedha na shaba. Ufundi mzuri si adui wa mbingu. Kule Bethania mwanamke alimimina marhamu yenye thamani ya dinari 300 na zaidi, karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua, na waliomlaumu walilitumia jina la maskini. Bwana hakusimama upande wao. Namwogopa kidogo mchungaji ambaye kila akionyeshwa kitu kizuri jibu lake ni "na maskini je?" Maskini wanastahili kupendwa, si kugeuzwa kuwa fimbo.

Lakini tazama jambo moja kuhusu yule mwanamke. Aliimimina mbele za watu wote. Harufu ikajaa nyumba nzima. Hakuna aliyehitaji kuuliza nini kimetumika wala kiasi gani.

Nikamuuliza ndugu yangu, "Mama watoto anajua?"

"Anajua kuna kamera."

"Anajua bei?"

Akatazama dirishani. "Anajua nusu."

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Anajua nusu. Hakumdanganya mkewe, kwa maana kila alichomwambia ni kweli. Ila alichagua kweli ya kumwambia. Kisha, bila mimi kumchimba, akanieleza kilichokuwa nyuma yake. Miaka ya nyuma aliwahi kununua lenzi kwa fedha za ada ya mtoto, akiamini malipo ya harusi fulani yataingia kabla shule haijafunguliwa. Malipo yalichelewa. Mke hakuambiwa na mume. Aliambiwa na mtoto, aliyerudishwa nyumbani na barua ya shule mkononi. Yaliyofuata unaweza kuyawaza. Aliomba msamaha, akasamehewa, ada ikalipwa. "Lakini, Mchungaji, mpaka leo nikiingia na kaboksi kokote, hata ka chaja, anakaangalia kwanza kabla ya kuniangalia mimi. Kama alisamehe, mbona hajasahau?"

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu naamini swali hili limo katika nyumba nyingi ambazo hazina haja ya kamera yoyote. Tumezoea kudhani msamaha ni kufuta. Yule mama alisamehe: alibaki, alipika, alicheka tena, hakuyasimulia kwa mashoga zake. Kumbukumbu yake haikumtii kama moyo wake ulivyotii, na hilo si kosa lake. Aliyesamehewa ana kazi yake pia, nayo ni ndogo na ya kila siku. Ni kutaja bei nzima kabla ya kuulizwa. Leo, kesho, kwa kitu cha shilingi elfu tano na kwa kitu cha milioni. Tunapomtaka aliyetusamehe athibitishe msamaha wake kwa kutotuuliza, tunamtwisha mzigo ambao ni wetu. Je, si ajabu kwamba huwa tunauita ukimya huo amani?

Na wewe, mpendwa, kwenu ni bei ipi inayotajwa nusu? Inawezekana ni mkopo wa kwenye simu. Inawezekana ni fedha anazotumiwa mdogo wako kila mwezi, au hisa zako za vikoba, au kitenge ambacho "nilikuwa nacho siku nyingi." Sikuulizi ili uone aibu. Nakuuliza kwa sababu najua namna kitu kidogo cha namna hiyo kinavyokaa kifuani usiku.

Si kila kinachofichwa ni kibaya, na kwa kuwa tunazungumzia Leica, wacha niseme hili. Kamera hizi zilizaliwa Wetzlar, Ujerumani. Fundi wake, Oskar Barnack, alikuwa na pumu, na kubeba zile kamera kubwa za sahani za kioo kulimchosha. Akaunda ndogo inayoingia mfukoni. Mwenye kiwanda, Ernst Leitz, aliamua kuitengeneza katika miaka ambayo uchumi wa nchi yao ulikuwa umevurugika, nayo ikaonyeshwa kwa wanunuzi Leipzig mwaka 1925. Hitler alipotwaa madaraka, Leitz alianza kuwatoa nchini Wayahudi kimya kimya, akiwapeleka New York na kwingineko kwa jina la wafanyakazi wa kampuni. Binti yake Elsie alitiwa kizuizini na Gestapo mwaka 1943 kwa kumsaidia mwanamke Myahudi aliyetaka kutorokea Uswisi. Tusiwafanye malaika: kiwanda hichohicho kilifanya kazi za jeshi na kilitumia vibarua wa kulazimishwa. Ila wema walioutenda hawakuutangaza. Ernst Leitz alifariki mwaka 1956, na habari hizi zilikuja kuenea miaka mingi baadaye.

Wao walificha ili mwingine apone. Ndugu yangu alikuwa anaficha ili asiulizwe. Nilimweleza hivyo, kwa upole niliouweza, naye hakubisha.

Akanirudishia kwa jambo la kamera ambalo sijaacha kulifikiria. Kwa kuwa kwenye rangefainda hutazami kupitia lenzi, unaweza kusahau kifuniko juu ya lenzi na usijue. Kidirishani unaona kila kitu safi: bibi harusi, keki, wazazi wa pande zote mbili. Unapiga, unapiga. Picha zote nyeusi. Nikamwomba arudie kunieleza, akaanza kurudia, kisha akanyamaza katikati na kutabasamu. Hatukuwa na haja ya kuendelea.

Sasa, ikiwa mezani pameongelewa na bei nzima imetajwa, na nyumba imekubali, basi nunua kwa akili. Uaminifu unahusu pia macho makavu mbele ya bidhaa. M9 ina ugonjwa wake unaojulikana: kioo kinachofunika kihisi huliwa na unyevu. Kwenye picha za kawaida huwezi kuona. Unabana tundu la lenzi mpaka namba 16, unapiga picha ya anga tupu, kisha unaikuza. Ukiona vidoa vyenye duara kama kijimviringo cha mafuta kwenye mchuzi, kimeanza kuoza. Kwa miaka kadhaa kiwanda kilikuwa kikibadilisha vihisi hivyo bure, kisha mpango huo ukafungwa. Kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi: kilibadilishwa? Karatasi yake iko wapi? Tazama pia kama zile taswira mbili zinalaliana vizuri kwa kitu kilicho mbali, mfano mwezi, kwani kamera iliyoanguka huweza kukuonyesha kwamba ziko pamoja kumbe picha inatoka na ukungu. Na kwa hewa yetu ya pwani, mulika lenzi kwa tochi. Kuvu hupenda kukaa ndani ya vioo.

Kitabu cha Mithali kinamtaja mnunuzi anayeponda bidhaa akiwa mbele ya muuzaji, kisha akiondoka anajisifu kwa alivyopata. Nadhani mwandishi aliwahi kufika soko linalofanana na Kariakoo. Kupatana bei si dhambi, ni maisha yetu, na mwenye duka angeshangaa usipopatana. Ila kuna upendo hata katika mapatano. Usizue kasoro ambayo haipo ili mtu mwenye haraka ya ndege ateremshe. Kasoro iliyopo itaje kwa jina, bila kelele. Na kama siku moja wewe ndiye muuzaji, vidoa uvitaje kabla mwenzako hajatazama angani.

Nilimwachia swali moja la mwisho: ukiipata, utapiga picha ya nini? Nilidhani atataja bahari, au mitaa ya Zanzibar, au atanitajia wale mabingwa wa dunia. Maana alishanieleza habari za Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyetikiswa na picha ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu Waafrika wakikimbilia mawimbi, picha iliyozoeleka kuitwa ya Ziwa Tanganyika, kisha akanunua Leica yake ya kwanza mwaka 1932 na kuzunguka nayo duniani. (Uzeeni aliweka kamera kando na kurudia kuchora kwa penseli. Hilo ndugu yangu hakulitaja. Nililisoma mwenyewe baadaye.) Lakini hakutaja lolote katika hayo.

"Mama," akasema. Mama yake yuko Lushoto, anazeeka, na picha zake alizo nazo ni zile za misiba, amesimama nyuma ya watu. Anataka kumpiga akiwa jikoni, akiwa shambani, polepole, bila flashi.

"Mara ya mwisho ulikwenda lini?"

Ilikuwa Krismasi. Na si Krismasi iliyopita.

Hakuna kati yetu aliyemlaumu mwenzake. Alitazama simu yake, ambayo nayo ina kamera, akaiweka mfukoni. Ningekuwa mtu wa kupenda kushinda mijadala ningelisema lile ambalo wote wawili tulikuwa tunalijua. Tukaomba, akaondoka.

Jioni ile alimwambia mkewe bei yote. Alinisimulia kwamba mama watoto alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza maswali mazuri kuliko yangu: betri zake bado zinatengenezwa? Ikiharibika, fundi yuko mji gani? Wakakubaliana wangoje mpaka msimu wa harusi uishe na ada ya Januari ilipwe. Siku chache baadaye mgeni yule akaiuza kwa mtu mwingine.

Alikuja kunieleza akiwa na huzuni ya kweli, na sikumwambia kwamba Mungu amemwandalia nzuri zaidi. Sijui hilo. Nilimpa pole. Akaniuliza kama ni dhambi kuendelea kuitamani. Nikamwambia hapana, na kwamba ikitokea nyingine aje na mama watoto, anipitie na mimi twende wote, maana sasa hata mchungaji wake anajua kutafuta madoa angani. Akasema tusubiri kwanza arudi Lushoto. Basi lilikuwa linaondoka alfajiri, na tiketi zilikuwa nne.