Jibu la Kitendawili ni Mali ya Nani?

Kila aliyelelewa katika lugha yetu anaijua desturi ya kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nasi huitikia, "Tega!" Tukishindwa kukitegua, yeye hudai mji, nasi humpa Tanga, au Kigoma, au mwingine utakaomridhisha, ndipo atufumbulie. Yafaa tuizingatie desturi hii, kwani ndani yake mna swali la maadili: watu wengi wanapofumbua fumbo pamoja, jibu huwa ni mali ya nani?

Na tuchukue mfano mmoja: "Kuku wangu katagia mibani." Wa kwanza hutaja ndege fulani, akaambiwa sivyo. Wa pili hung'amua kwamba huenda kuku huyo si ndege hata kidogo. Wa tatu humwacha kuku, akaifikiria miba. Wa nne, aliyezoea shamba, hutamka, "Nanasi!" Wote humshangilia huyo wa nne. Lakini kosa la wa kwanza ndilo lililoifunga njia isiyofika, likawapunguzia wenzake mwendo.

Wako watakaosema kwamba ushirika wa namna hii huwalea wavivu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, wahenga waliponena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake, walikuwa pia wanamdai kila mtu atoe zake. Kushirikiana si kumngojea mwerevu; ni kukileta barazani kile kidogo tulicho nacho, hata kikiwa na kasoro. Asiyeleta kitu hakushirikiana, ameketi tu. Na yule aliyelijua jibu tangu jana, akalitamka upesi ili asifiwe, hakuwasaidia wenzake. Amewanyang'anya safari yao.

Tena tukumbuke kwamba mji hautozwi mtu mmoja. Hutolewa na kundi zima. Ikiwa kushindwa ni kwetu sote, kwa haki gani ushindi uwe wa mmoja?

Mtihani hupima alicho nacho kila mwanafunzi, na humo kunong'onezana ni wizi. Somo ni jambo jingine. Basi mwalimu, kabla ya kumsifu aliyepata jibu, na awaulize wanafunzi wake jibu hilo lilipitia kwa nani na nani hata likamfikia. Hapo yule aliyekosea kwanza naye atainua kichwa.