Je, Aliyesaidiwa Aweza Kusema Kweli?

Mtu aliyepewa mbegu akiulizwa na yule yule aliyempa, "Je, zilikufaa?" atajibu nini? Atasema, "Asante, zilinifaa sana," hata kama hazikuota. Je, huyo amesema uongo? Sisi twaona kosa si lake peke yake. Aliyemwuliza ameshika mfuko mkononi, na mwenye haja hutazama mfuko kwanza.

Mwaka 2010 shirika la GlobalGiving la Marekani lilianza kujaribu njia nyingine katika Kenya na Uganda. Watu wa mahali waliombwa wasimulie habari ya mtu au chama kilichojaribu kumsaidia mtu au kubadili jambo katika mji wao. Swali halikutaja chama cho chote. Msimulizi alichagua mwenyewe. Masimulizi yakapatikana makumi ya maelfu. Hata nabii Nathani hakuanza kwa kumlaumu Daudi. Alimsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akakata hukumu mwenyewe.

Wamatengo wa Mbinga si wageni wa jambo hili. Zamani walikuwa na sengu: watu wa ukoo walikula pamoja, wakasemezana habari za mashamba, ugomvi na mahitaji. Walimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipofanya kazi Kindimba pamoja na Wajapani, tangu 1999, hawakulidharau neno hilo. Kamati ya wanakijiji katika kazi ya kinu cha nguvu za maji ikaitwa sengu. Lakini barazani hunena wenye sauti. Mjane hukaa kimya.

Tena simulizi ni mali ya nani? Tuseme mvuvi wa Lituhi asimulia jinsi nyavu za msaada zilivyokatika mwezi wa kwanza. Kufuta jina lake hakumfichi. Ufukoni watu watamjua kwa mtumbwi wake tu. Akikosa msaada mwaka ujao, ni nani aliyemponza? Ni sisi tuliomsihi aseme.

Kwa hiyo twaona aandikaye masimulizi asiwe mgawaji wa msaada. Msimulizi asomewe maneno yake kabla hayajachukuliwa, naye akisema, "Hili liondoeni," liondolewe bila kumwuliza sababu. Kisha wakubwa wa chama warudi kijijini, wawasomee watu waliyoyasikia, pamoja na yale yanayowaaibisha wao wenyewe, waseme watabadili nini. Ikiwa hawako tayari kurudi hivyo, wasimpotezee mvuvi jioni yake.