Nikiacha Kazi Niipendayo, Ni kwa Ajili ya Nani?

Huenda swali hili limewahi kuingia nyumbani kwenu. Mmoja wenu ana kazi ndogo ya siku chache kwa wiki, kazi ya kuuza dukani, na anaipenda. Inatokea nyingine yenye mshahara mkubwa zaidi. Mwenye kazi anasitasita. Mwenzake anamwuliza, "Sasa unangoja nini?" Na tangu siku hiyo chakula cha jioni kinaliwa kimya kimya.

Wengi wetu hukimbilia methali. Mke atasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mume atamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wote wawili wamesema kweli, na bado hawajui la kufanya kesho asubuhi.

Nitawaeleza kisa cha nyumba moja ya Nakuru. Nimebadilisha mambo kidogo ili wenyewe wasijulikane.

Mama huyu alikuwa akiuza katika duka la vitambaa na nyuzi za kufuma, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa muda wa miaka minne. Ukiitazama kwa mbali, kazi yenyewe si kitu: kukata mita mbili za kitambaa cha sare, kutafuta zipu ya rangi inayofanana, kuhesabu vifungo. Lakini yeye aliijua kama mkulima anavyolijua shamba lake. Msichana akija na sweta iliyochakaa, alimtafutia uzi wa rangi ile ile, kisha akamwonyesha jinsi ya kuanza upya pale ilipofumuka. Mafundi wa cherehani walimwuliza yeye kabla ya kumwuliza mwenye duka. Alihesabiwa shilingi 700 kwa siku na kulipwa mwisho wa mwezi. Kwa siku 13 alipata shilingi 9,100.

Mumewe ni karani wa ofisi. Aliposikia kwamba supamaketi moja mjini inatafuta keshia kwa shilingi 22,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, zamu nyingine zikiisha saa mbili usiku, alimletea mkewe fomu. Mkewe aliijaza, akaitwa, akakubaliwa. Kisha akaanza kujikokota. Ndipo walipokuja kwetu Jumapili moja baada ya Misa, kila mmoja akitumaini kwamba mimi na mzee wangu tutamkemea mwenzake.

Bwana ndiye aliyeanza. "Kupenda kazi hakulipi karo," alisema.

Neno hilo lilimchoma mkewe. Nami lilinisumbua, maana kifungua mimba wao yuko shule ya upili ya bweni na barua ya salio la karo ilikuwa imekwisha kufika nyumbani. Mwenye shule haulizi kama mama anafurahi kazini.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba furaha ya kazi ni anasa. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kazi ni jasho tu, na anayeifurahia labda hafanyi kazi bali anacheza. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya, si na aina ya kazi inayofanywa. Kwa hiyo anayekata vitambaa na anayekaa katika ofisi ya benki hawapimwi kwa kiti walichokalia. Mama anayeingia dukani na akabaki mtu, mwenye akili yake na ujuzi wake, amepata kitu ambacho wenye mishahara minono wengi hawana.

Nilimwuliza bwana, "Jumanne jioni nyumba yako huwa namna gani?" Akacheka bila kupenda. Akasema siku hiyo mkewe hurudi na visa vya dukani, na watoto hukataa kulala. "Na siku ambazo haendi?" Akasema huwa amechoka zaidi, ingawa hakutoka nyumbani. Basi, nikamwambia, hiyo nayo ni mali. Unapopiga hesabu za kazi hizi mbili, iandike pia, maana wewe na watoto mnaila pamoja naye.

Lakini sikumwachia mama naye hivi hivi. Mtu aweza kusema "naipenda kazi yangu" ilhali ukweli ni kwamba anaiogopa ile nyingine. Nilipomwuliza, aliinamisha kichwa. Aliogopa mashine, na aliogopa kukatwa pesa hesabu zikipungua jioni. Hofu hiyo haikuwa ya kitoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumkata pesa zilizopungua mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa kwa mkataba wake, ikiwa zimepungua kwa uzembe wake au kwa kukosa uaminifu. Dawa yake ni kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuuliza jinsi pesa zinavyohesabiwa na nani huwapo zikihesabiwa. Sababu ya kukataa kazi isiwe kitu ambacho swali moja lingekimaliza.

Kisha tukachukua karatasi. Hapa nawasihi wasomaji wetu, msijadili mshahara kwa mdomo. Shilingi 22,000 zinasikika kama zaidi ya mara mbili ya 9,100. Lakini toa asilimia 6 ya NSSF, yaani shilingi 1,320. Toa asilimia 2.75 ya mfuko wa afya, SHIF, yaani 605. Toa asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, yaani 330. Zinabaki 19,745. Kodi ya mapato haimgusi kwa kiwango hicho. Nauli ya matatu, shilingi 100 kwenda na kurudi kwa siku 26, ni 2,600. Zinabaki 17,145. Kwenye kazi ya zamani, baada ya nauli, alikuwa akibaki na 7,800. Tofauti ya kweli ni shilingi 9,345.

"Na watoto wadogo jioni?" mzee wangu akauliza. Bwana akasema angeleta msichana wa kazi kutoka mashambani, wa shilingi 4,000. Hapo niliwasimamisha. Kima cha chini cha mshahara kinachowekwa na serikali kinamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani, na elfu nne ni mbali sana nacho. Ukimlipa msichana huyo inavyostahili, ile tofauti inaisha yote na deni juu. Ukimlipa elfu nne, basi nyumba yenu imepanda kwa kukanyaga bega la mtoto wa mwenzenu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, lakini sijutii.

Bwana akasema pia kwamba kampuni kubwa ina usalama. Huenda. Wengi wetu tunaikumbuka Nakumatt, iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na ambayo wadai wake walipiga kura mwezi wa Januari 2020 ifungwe. Uchumi nayo ilifunga milango mwaka 2006 kabla ya kufufuliwa. Ukubwa wa jengo usiwe ndio sababu yenyewe.

Tulikuwa tumebaki na ile 9,345 juu ya karatasi. Nikamwuliza bwana itafanya nini. "Karo," akajibu. Ndipo mkewe, ambaye hakuwa amesema mengi, akauliza polepole: "Baba watoto, mbona mwaka juzi karo ilitosha?"

Chai ilipoa. Bwana aliangalia mlango. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ya nyumba hii ilikuwa hati ya mshahara ambayo mama hakuwa ameiona kwa zaidi ya mwaka. Mwishowe akasema. Alikuwa amemdhamini ndugu yake kwenye mkopo wa Sacco. Ndugu akaacha kulipa. Sasa Sacco ilikuwa ikimkata yeye, mdhamini, shilingi 9,000 kila mwezi, na ilibaki miaka miwili. Hakumwambia mkewe kwa sababu huyo ndugu aliwahi kuwakosanisha zamani kwa mambo ya pesa, na aliapa haitatokea tena.

Mama hakulia kwa ajili ya zile elfu tisa. Alisema, "Uliniambia niache duka langu nikalipe deni nisilolijua."

Wapendwa wana ndoa, kwangu mimi swali lote liko hapo. Tunahubiriwa siku ya harusi kwamba ndoa ni kujitoa, na ni kweli. Lakini mtu hujitoa kwa kitu anachokijua. Ukimficha mwenzako sababu, kisha ukamwomba aache anachokipenda, hujamwomba kujitoa, umemchukulia. Hata kama pesa zinahitajika kweli na watoto watasoma kwa pesa hizo, yeye hajatoa chochote, na ipo siku atahisi kwamba aliibiwa bila kujua na nani. Nimeona mama wa namna hiyo akiwa mkali kwa watoto kwa miaka, akidhani ni uchovu.

Na akina mama msichekelee. Nimeketi pia na wake wenye deni la chama na mikopo ya simu, Fuliza juu ya Fuliza, huku wakimsukuma bwana atafute "kazi ya maana" aachane na ile anayoifurahia. Jambo ni lile lile.

Niliwaambia wazi siku hiyo kwamba mama alikuwa na haki ya kukataa. Moyoni nilitaka abaki dukani, na labda niliuonyesha ubavu wangu zaidi ya inavyompasa mshauri. Nilimwuliza pia kama amewahi kuzungumza na mwenye duka, maana watu wengi huhama kazi kabla ya kuomba chochote pale walipo. Hakuwahi. Kwa miaka minne aliitwa kibarua, bila likizo ya malipo na bila NSSF. Lakini Sheria ya Ajira inasema kibarua anayeendelea kufanya kazi kwa muda wa zaidi ya mwezi, au anayefanya kazi isiyotazamiwa kuisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, pamoja na haki zake. Si lazima mtu aende mahakamani. Aweza kuomba kwa heshima.

Aliomba. Mwenye duka alishtuka, akaongeza siku ya nne na kufikisha malipo shilingi 800 kwa siku, na akaahidi kuanza kumlipia NSSF. Tulipiga tena hesabu kabla ya kuingiza makato: siku 17, toa nauli, zinabaki 11,900. Ilikuwa nyongeza ya 4,100, chini ya nusu ya pengo. Nilidhani atasema inatosha na bwana atafute njia ya nusu nyingine.

Baada ya wiki tatu walirudi. Mama alisema ataenda supamaketi.

Nilimwuliza mbele ya mumewe kama amelazimishwa. Akasema amelazimishwa na deni, ndiyo, lakini sasa analijua deni hilo, limekuwa lao wote wawili, na mtoto wa bweni hawezi kungoja. Alikuwa na masharti yake, ameyaandika nyuma ya bahasha. Hati ya mshahara ya kila mmoja itawekwa mezani mwisho wa mwezi. Hakuna msichana wa kazi. Siku za zamu ya jioni, bwana atakuwa nyumbani kufikia saa kumi na mbili, apike na asimamie masomo. Yule ndugu ataitwa mbele ya wazee aseme atarudisha nini na lini. Na deni likiisha, wataketi tena waulizane kama arudi dukani, bila mtu kusema kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa.

Sharti la kupika ndilo lililonishawishi. Mpaka siku hiyo mpango ulikuwa kwamba mke apoteze furaha na mume apoteze wasiwasi. Sasa kila mmoja alikuwa na kitu cha kutoa. Bwana alisema anajua kupika ugali na mayai. Mkewe akamwambia ataongeza sukuma wiki kufikia mwisho wa mwezi.

Je, alifanya vyema? Nyumba nyingine, yenye deni dogo au mtoto mgonjwa, ingefanya vyema kuamua kinyume, na nisingependa msomaji yeyote apeleke ukurasa huu kwa mwenzake kama ushahidi. Bado naona kwamba ni hasara kwa duka, kwa wale mafundi, na kwa jioni za Jumanne. Yeye mwenyewe anaiona. Aliniambia kwamba kwenye mashine ya supamaketi wateja hupita bila kusema wanashona nini.

Kuhusu kuondoka, nilimkumbusha asitoroke kwa sababu tu alikuwa akiitwa kibarua. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na ana haki ya kupewa cheti cha kazi. Barua aliiandika Jumapili jioni, kwenye meza ile ile ya karatasi za hesabu. Mumewe aliisoma, akasahihisha neno moja, kisha akamwuliza kama aandike ndani yake kwamba wangeomba kuendelea kununua vitambaa vya sare kwa bei ya mfanyakazi. Mkewe alimnyang'anya kalamu.